Tulivyoanza kusafisha barabara ya moto, ile njia tupu ya kuzuia moto usivuke, kijijini kwetu Mufindi, na niliyojifunza mimi

Moto uliomaliza miti yangu mwezi wa kumi mwaka 2017 haukuanzia kwangu wala kwa jirani yangu, ulianzia kule chini bondeni kwenye vinyungu, yaani vile vishamba vya bondeni penye unyevu, mtu alikuwa anachoma majani ya shamba lake saa saba mchana na upepo unavuma, akatoka kidogo kufata maji, anarudi moto umeshashika nyasi za pembeni na unapanda kilima. Kwa wasioijua Mufindi, huku kwetu mkoani Iringa kuanzia mwezi wa sita mvua hakuna, inapiga baridi kali mpaka asubuhi unakuta sakitu nyeupe kwenye nyasi, hiyo baridi ndo inayokausha majani yote, halafu ikifika wa tisa na wa kumi jua linawaka na upepo wa mchana ni mkali, kila kitu kimekauka kinasubiri kiberiti tu. Mpaka mvua zije mwishoni mwa wa kumi na moja au wa kumi na mbili ndo roho inatulia.

Nilikuwa na heka tatu za misindano, yaani paini, nimepanda 2010. Ukipanda mita 3 kwa 3 heka moja inabeba miti kama 440 hivi, kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Huku kwetu mti ni benki, mtu akiuguliwa anauza miti, mtoto akichaguliwa shule ya mbali anauza miti, nyumba inaezekwa kwa miti. Heka mbili na zaidi ziliisha mchana mmoja, nimesimama barabarani nasikia tu ile sauti. Moto ukitembea chini kwenye majani makavu ya misindano unalia kama mvua kwenye bati, halafu ghafla unasikia kishindo, umepanda kwenye yale matawi yaliyokufa huku chini ya mti mpaka kileleni, mti mzima unawaka mara moja maana ile miti ina utomvu, ni kama umemwagiwa mafuta.

Na kilichoniuma sio kwamba sikusafisha, nilisafisha. Mwezi wa nane nilichukua fyekeo nikafyeka kuzunguka shamba langu pande zote nne, upana wa hatua kama tano, siku tatu peke yangu mikono imetoka malengelenge. Ila zile nyasi nilizozifyeka niliziacha palepale zimelala. Miezi miwili juani. Yaani nilikuwa nimefyeka kiberiti nikakitandika kuzunguka shamba langu, moto ulivyofika pale haukupunguza hata mwendo. Na upande wa juu napakana na shamba la mtu anaeishi Dar, tangu apande hajawahi kuonekana, nyasi kule zinamzidi mtu urefu, kwahiyo hata kama mimi ningekuwa nimelima mpaka udongo mwekundu bado moto ungezunguka kule na kunirudia kwa juu.

Baada ya ule moto nilikaa kama wiki mbili sitaki kwenda hata kuangalia. Aliyenitoa ndani ni mzee mmoja wa kitongoji chetu ambae zamani aliwahi kufanya vibarua kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill, hilo ndo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa hapa nchini. Alikuja asubuhi, tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, akakaa, akaniambia mwanangu, kule Sao Hill hakuna mtu anaesafisha shamba lake, wanasafisha kilima. Sikumwelewa siku hiyo. Akanichukua tukapanda mpaka juu kabisa akanionyesha kwa fimbo, unaona mgongo wa kilima ulivyokaa, moto unapanda mlima kwa mbio lakini ukifika kileleni unapungua nguvu, pale ndo pa kuukatia. Nyie kila mtu anafyeka mpaka wake, mipaka yenu imekaa kama viraka, moto unapita katikati ya viraka. Mkikubali kusahau mipaka mkapiga barabara moja tu, ya mita kumi, kuanzia juu huku mpaka ishuke kwenye kijito, mmemaliza.

Hicho ndo kitu kikubwa nilichojifunza na ndo kazi ngumu kuliko zote, kusahau mipaka.

Tulianza mwaka 2018 mwezi wa tano mwishoni. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tukaja watu 11. Kitongoji kizima watu 11. Na nusu yetu ni wale ambao tulishaungua, wale ambao hawajaungua walikuwa wanatuangalia kama watu wenye msiba. Tulikubaliana Jumamosi tu, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita, hakuna anaekuja ameshagusa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, maana mwezi wa tano ulanzi bado upo upo na mtu akishika panga amekunywa ni hatari kwake na kwa wenzie. Mama zetu walipika kande kwenye sufuria kubwa palepale njiani, kila nyumba inaleta kikombe cha mahindi au cha maharage. Nataka kusema hili la kande kwa sababu watu wanalidharau, Jumamosi ya tatu tulikuwa 26, na wengi waliongezeka kwa sababu walipita wakakuta watu wanakula pamoja na wanacheka, wakaona aibu kupita.

Sasa tatizo likaja. Ile barabara ilivyokuwa inapita juu kwenye mgongo, sehemu moja inakata kabisa kwenye miti ya mama mmoja mjane, miti kama 40 ilibidi iondoke. Miti ya miaka sita, bado haijafika hata ya nguzo nzuri. Kwenye kikao watu walianza kusema maneno mabaya, kwamba mtu mmoja hawezi kuzuia maendeleo ya wote, mara sijui aitwe kwa mtendaji. Yule mama alikaa kimya mpaka mwisho halafu akasimama akasema, "Shikamooni baba zangu. Mimi sijakataa. Nauliza tu, hiyo miti 40 mnaitoa kwangu kulinda miti ya nani?" Aisee ukumbi ulinyamaza. Kwa sababu ni kweli, nyuma ya miti yake kuna heka zaidi ya 30 za watu wengine, yeye anatoa 40 wao wanapona maelfu, na hakuna hata mmoja aliewaza kumpa kitu.

Tulirudi kwenye hicho kikao mara mbili. Mwisho tukakubaliana hivi: miti yake ikatwe na sisi wenyewe bila yeye kutoa hela ya chensoo, ule msumeno wa mashine, fito na kuni zote zake auze anavyotaka, kila mwenye shamba nyuma ya barabara alete miche miwili mwezi wa kwanza, na tumpandie sisi kwenye kipande chake kingine kilichokuwa wazi. Na hapo kwenye barabara penyewe yeye ndo mwenye haki ya kulima. Hilo la kulima alilileta yeye mwenyewe na limekuja kuwa ndo wazo bora kuliko yote. Maana shida ya barabara ya moto ni kwamba ukiilima ikabaki wazi, mvua za wa kwanza na wa pili zinabeba udongo wote, kilima chetu ni mteremko mkali, mwaka wa kwanza tulipata makorongo sehemu mbili mpaka mtu anazama magotini. Na ukiiacha bila kulima nyasi zinarudi na kila mwaka unaanza upya. Yeye akapanda maharage mwezi wa pili kwa matuta ya kukinga maji, akavuna wa tano, akang'oa na maganda yote akapeleka kwa mbuzi. Wa sita barabara ni safi, udongo mtupu, na hakuna mtu aliekuja kufyeka pale. Mwaka uliofata kila mtu anataka kipande cha kulima kwenye barabara ya moto, wengine maharage wengine viazi, sharti ni moja tu, ifikapo mwisho wa mwezi wa tano kisionekane hata bua.

Kuhusu wenye mashamba wasiokaa kijijini, hapa nisidanganye, ilikuwa kazi. Hawa ni watu walionunua heka tano, heka kumi, miaka ile kila mtu alipokuwa anakimbilia kupanda miti Iringa na Njombe, wakapanda, wakaweka mlinzi, mlinzi akaacha kulipwa akaondoka. Balozi wetu alipita nyumba kwa nyumba kutafuta namba za simu, nani anamjua mwenye shamba lile, nani alimpimia, tukapata kama nusu yao tukawaweka kwenye grupu la WhatsApp. Mwanzo tulikuwa tunawalaumu humo na hawajibu. Baadae kijana mmoja akaanza kupiga picha tu, anapanda shambani kwa mtu anapiga picha ya nyasi zilivyozidi, ya matawi makavu yaliyogusa chini, anaituma kwa mwenyewe bila maneno mengi, "bosi shamba lako leo hii". Hapo wakaanza kutuma hela ya vibarua. Sio kwamba walikuwa watu wabaya, wengi walikuwa wanaamini shamba lao bado liko kama walivyoliacha. Wachache hawakujibu kabisa, mmoja wao ana shamba kubwa upande wa juu wa barabara, huyo tulimfyekea ukingo tu ule unaotugusa sisi, ndani tukaacha.

Kazi yenyewe ilivyo, kwa anaetaka kujaribu kwao. Kufyeka ni robo ya kazi. Ukishafyeka unakokota kwa reki, ukishakokota unabeba unatoa, na sio kutoa ukasukumia chini ya miti upande wa pili kama tulivyofanya mwaka wa kwanza, hapo umejenga tanuru. Matawi mazito tulikubaliana akina mama wachukue kuni bure kwenye mashamba yote yanayopakana na barabara, bila kuomba ruhusa ya mtu, Jumatano na Jumamosi, na wakachukua kweli, mzigo kwa mzigo, sehemu nyingine wamesafisha kuliko sisi wenye mapanga. Zamani mtu akikutwa anaokota kuni shambani kwa mwenzie anafukuzwa kama mwizi! Halafu ile misindano iliyo karibu na barabara tunaipogolea, matawi makavu ya chini yote mpaka urefu unaopita kichwa cha mtu, ili moto ukitembea chini usipate ngazi ya kupandia.

Tunachoma pia, lakini mapema, mwezi wa sita nyasi zikiwa bado zina ubichi kidogo, jioni saa kumi na moja upepo ukitulia, watu wapo na ndoo na matawi mabichi, na kijiji kimepewa taarifa. Tulishakatazana kabisa kuchoma kuanzia mwezi wa nane. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo haimwachi mtu awashe tu moto ovyo, na kijiji kina faini zake, ila mi naona faini inamkamata mtu moto ukishamaliza kila kitu.

Kuna kundi lingine ambalo tulikosea nalo sana mwanzoni, warina asali na vijana wanaowinda panya na fuko. Kila moto ukitokea lawama ni zao, na ni kweli kuna mioto wamewahi kuisababisha, mtu anaingia porini na kijinga cha moto kufukuza nyuki, kikidondoka basi. Tukawa tunawafukuza, wao wakawa wanaingia usiku, na moto wa usiku hakuna anaeuona mapema. Yule mzee ndo alituambia waiteni. Tuliwaita wawili wakaja wamekunja sura wanajua wanakamatwa, tukawapa kande, tukawaambia tunataka mtusaidie kujua njia za huko ndani maana nyie mnazijua kuliko sisi. Tulichanga tukawanunulia bomba la moshi la kurinia, lile la kopo, moto unakaa ndani haudondoki. Leo wao ndo wa kwanza kupiga simu wakiona moshi.

Oktoba 2020 moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro na ukakaa zaidi ya wiki, tuliona kwenye simu picha za wananchi na wanafunzi wanapanda mlimani na matawi mkononi kupiga moto, mamia kwa mamia. Mi nililia kwa kweli, kwa sababu najua tawi la mti lina uzito gani baada ya saa tano na moshi kifuani. Mtu wa hivyo anastahili heshima. Lakini pia ndo nilizidi kuamini kwamba ile kazi ya mwezi wa tano isiyo na picha, ya kukokota majani na reki, ndo inayompunguzia huyo mtu mzigo.

Barabara yetu ilijaribiwa mwezi wa tisa 2021. Saa nane mchana, simu ya mrina asali, moshi upande wa pili wa kilima. Tulifika tukiwa kama 40 tukajipanga upande wa ndani wa barabara, kila mtu na tawi bichi, solo nne, yale mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia, zimejazwa maji. Moto ulikuja ukaingia kwenye lile shamba kubwa la yule asiyejibu simu, kule ndani ukapanda mpaka juu ya miti, joto lake ukiwa ng'ambo ya barabara unageuza uso. Ulivyofika kwenye udongo mtupu wa yale maharage ukakosa pa kukanyaga. Niliona kwa macho yangu, mstari mweusi upande ule, upande huu kijani.

Ila pale barabara inaposhuka ubavuni kuelekea kijitoni ndo nilijifunza kitu ambacho hakuna mtu alieniambia. Yale matunda magumu ya misindano, yale kama nanasi dogo, yakishika moto yanadondoka na kubingirika. Yanavuka barabara yanaruka ruka kama mpira, yanawaka, yanaingia kwenye nyasi za kwetu. Binti mmoja wa kidato cha tatu ndo alieona la kwanza, akapiga kelele, akalifata akalikanyagia na jembe. Tukaweka watu kila hatua kumi kazi yao ni moja tu, kutoangalia moto, kuangalia chini. Yalivuka mengi, yote yakazimwa.

Moto ulipenya sehemu moja. Kulikuwa na msindano mzee uliokufa ukaangukia kukatisha barabara, tangu mwezi wa saba tunauona, kila Jumamosi tunasema hiyo inahitaji chensoo, tukishapata mafuta tutakuja. Moto ulitembea juu ya lile gogo kama mtu anavyovuka daraja. Ukachukua karibu nusu heka ya mzee mmoja kabla hatujauzima, na huyo mzee alikuwa hajakosa hata Jumamosi moja tangu tuanze. Alikaa chini akashika kichwa, hakusema neno, na sisi hatukuwa na la kumwambia. Jioni ile ile watu walichanga, na mwezi wa kwanza tulimpandia yote upya, lakini miaka tisa ya mti hairudi kwa kuchanga.

Tukizima hatuondoki. Hili nalo tulilipata kwa uchungu, visiki vinawaka kwa ndani siku mbili tatu, unaona vimezima, usiku upepo unakuja vinaamka. Bondeni kwenye udongo mweusi wa vinyungu ndo usiseme, ule udongo wenyewe unaungua chini kwa chini, mwaka ule ulitoa moshi siku nne. Kwahiyo kuna zamu za usiku, watu watatu watatu, na kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani tunaitana majina tuliyoandika wakati wa kuja. Mwaka mmoja kijana alizidiwa na moshi akakaa chini nyuma ya kichaka, hakuna aliejua mpaka mama yake alipouliza yuko wapi. Alipona, lakini tangu siku hiyo bila daftari hakuna anaeingia. Na nguo, vaa pamba, mashati ya nailoni yanayeyukia mwilini, na usikae juu ya moto kwenye mteremko hata kama unajiona una mbio.

Shamba langu lile lililoungua, mvua zilizofata za mwisho wa 2017 nilienda nikakuta miche imeota yenyewe imejaa kama mchicha. Kumbe misindano yetu hii matunda yake yanafungwa kwa utomvu, moto ukipita yanafunguka yanamwaga mbegu. Niling'olea nikabakiza kwa nafasi, sasa hivi inanipita kimo mbali sana. Ile ya jirani ya milingoti, yaani mikaratusi, ilichipua yenyewe kwenye visiki.

Mwaka huu yule mama ameshavuna maharage, debe tatu, na amenitumia ujumbe kwamba kipande chake kiko tayari tukakikague. Jumamosi hii tunaanzia kule chini kwenye kijito na kupanda juu, tumeshanunua lita kumi za petroli kwa ajili ya chensoo, na kazi ya kwanza ni magogo.